Bomba la Romani

Yustina, wameikata chesisi ya gari la Romani. Wameikata!

Nilikuwa narudi kutoka sokoni nikasikia grenda ya kukatia chuma ikilia uani. Nikadhani fundi amekuja kulimalizia gari alilokuwa analiunda marehemu kaka yangu Romani. Kumbe ni baba mdogo Augustine, anakata mabomba ya chesisi atengeneze msalaba wa kaburi la Romani.

Nikamwambia, "Baba, hilo ni gari."

Akacheka. "Gari gani lisilo na tairi, mwanangu? Mwenyewe ameshafika. Njoo ushike hapa, bomba linacheza."

Nikashika, Yustina. Nimeshika kwa mikono yangu.

Akakata palepale Romani alipoandika kwa chaki: PIMA TENA NDIPO UKATE.

Hakupima. Mkono mmoja wa msalaba umekuwa mfupi.

Sasa ananiita nikamshikie bomba lingine.