Drani Atakaa Katikati Yetu

Arua, Alhamisi, 1988

Mvua imenyesha tangu mchana na uwanja wetu wote ni matope. Ningependa kusema ndiyo iliyoniharibia siku, lakini ningekuwa najidanganya. Leo nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi tunacheza na wenzetu wa chuo cha Koboko. Hapa hakuna anayesoma. Sisi mashabiki tunashinda nyuma ya jiko tukibishana nani acheze winga, nani amkabe beki wao mrefu, ngoma zikae upande gani. Kocha ni mmoja, lakini wasaidizi wake ni chuo kizima.

Shida ni goti la Candia, mshambuliaji wetu. Liliumia mazoezini na limevimba. Ataingia hivyo hivyo, asimame mbele bila kukimbia, mabeki wawili wa Koboko wamlinde bure na wenzake wapite upande wa pili. Wakijua mapema, watamwacha peke yake, au watalipiga hilo goti. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba shabiki yeyote asitoke getini mpaka mechi iishe. Mimi nilinyoosha mkono kabla ya wote, maana kwetu ni Koboko na sikutaka kutiliwa shaka.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Jana mama mmoja muuza samaki aliniletea ujumbe wa bibi yangu wa Lurujo, huko huko Koboko: baba amevuka kutoka Zaire. Alikuwa askari wa serikali iliyopinduliwa, akakimbia mwaka 1979 nikiwa bado shule ya msingi, na hatujaonana tangu hapo. Kesho atalala kwa bibi usiku mmoja tu, kisha arudi alikotoka, kwa kuwa bado anaogopa. Hajui kwamba mama alifariki mwaka juzi. Bibi amesema habari hiyo nimpe mimi, mtoto wake, asiisikie kwa mtu mwingine.

Nilimwendea Drani, mwenyekiti wa mashabiki, nikamweleza yote. Si mtu mbaya. Baba yake mwenyewe alizikwa huko huko Zaire wakati wa ukimbizi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia chini.

"Ndugu, mimi naamini wewe," alisema. "Lakini baba yako iko mutu ya mpira. Yeye nauliza tu, wewe nasema."

Nilitaka kumtukana.

Nilishindwa kwa sababu ni kweli. Baba alinifundisha kupiga mpira wa majani ya ndizi katika kambi ya jeshi, na hata salamu kwake zilikuja baada ya habari za timu. Sijawahi kumficha kitu nikafanikiwa, na wanaoshinda kwa bibi ni mashabiki wa Koboko.

Jioni mashabiki wameamua. Niende, lakini Drani aende nami, ale nasi, alale chumba kimoja nasi, asiniache na baba hata kidogo. Nimekubali. Nikibaki, baba atavuka mpaka na sijui kama nitamwona tena. Nikienda peke yangu na Candia akavunjwa goti, nitaitwa msaliti mpaka nimalize chuo, na huenda na mimi nitaamini.

Drani ameshafunga mfuko wake. Ameniuliza baba anapenda nini, akaenda kukopa sukari kwa mpishi. Nimeshindwa hata kumchukia.

Namjua baba. Ataanza na mpira, na Drani atakohoa. Hapo nitasema, baba, mpira uache kwanza, nina habari ya mama. Nimekuwa nikilitunza neno hilo ili tuwe wawili tu, mimi na yeye, mlango umefungwa. Sasa nitalisema mbele ya mwenyekiti wa mashabiki, na nitalia, na baba yangu askari atalia, na mtu wa chuo ataona.

Basi aone.