Saini Namba Nne

Jumatatu, 14 Julai

Imeahirishwa tena. Hakimu yuko semina. Mara ya tatu hii. Nimekaa kwenye benchi la mahakama tangu saa mbili asubuhi, shati jeupe, viatu vya kuazima, kumbe karani anajua tangu juzi kwamba hakimu hayupo. Nimechoka mpaka kucha.

Wakili kanikataza kuiongelea kesi kijiweni. Mie nisipoongea napasuka. Ndo maana nimenunua daftari hili.

Kesi yenyewe fupi. Mzee, baba yetu, alifariki mwaka jana. Kaacha nyumba moja Mwananyamala, vyumba sita na uwani. Ukoo ukakaa kikao, ukanichagua mie niwe msimamizi wa mirathi. Mie niliyeishia form two. Wazee wenye vitambi walikuwepo, wakachaguliwa? Akachaguliwa Hamisi fundi simu. Kichwa hiki jamani. Dada Mwajuma wa Madale, mtoto wa mke mkubwa, ndiye anayepinga. Anataka mahakama iniondoe. Akikabidhiwa yeye atauza, kila mtu anasema hivyo, na mama yangu atakuwa hana pa kulala. Nimeshamwambia mama, nikiwepo mie huhami. Niliisema mbele ya wapangaji wote.

Kilichonikera leo ni mawakili. Wangu na wa dada wanaitana "wakili msomi, wakili msomi", kama wachumba. Kesi ilipoahirishwa tu wakaenda pamoja kwa mama ntilie, supu bakuli mbili, wanacheka. Mie na dada tumebaki benchi mbili tofauti tunatazama feni.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbaya.

Nilikuwa kwa wakili Nkya, Kinondoni, ghorofani juu ya duka la magauni ya harusi. Mzee mfupi, suti nyeusi ile ile, miwani inaning'inia kwa kamba. Mafaili ya viwanja na mirathi yamepangwa sakafuni mpaka mlangoni, unapita upande upande kama kaa. Alishaniambia kila faili ni ndugu wawili wasiosalimiana. Anasema hivyo huku anapiga miayo.

Alikuwa ananiandaa kwa ushahidi. Akauliza siku ya kikao nani alikaa wapi. Kuongea ndo kwetu. Nikamwaga. Baba mdogo Rajabu, mwenyekiti, kwenye kiti cha mbao. Mama na wanawake ndani. Dada Mwajuma kwenye mkeka karibu na mlango, kitenge cha kijani, akasaini wa nne. Niliisimulia vizuri mpaka mwenyewe nikamwona.

Wakili akavaa miwani. Akatoa nakala ya kadi ya hospitali, imeambatanishwa na upande wa dada. Dada alilazwa hospitali ya Mwananyamala, jirani na kwetu, siku mbili kabla ya kikao. Kafanyiwa operesheni. Karuhusiwa wiki iliyofuata.

"Sasa, kijana," akasema, "huyu aliyekaa kwenye mkeka ni nani?"

 Nikaisoma ile kadi mpaka tarehe ya mwisho.

Nikamwambia ukweli. Saini namba nne ni yangu. Hakunifokea. Bora angefoka.

"Hamisi, mimi ni ofisa wa mahakama kabla sijawa wakili wako. Siwezi kukusimamisha kizimbani useme uongo ninaoujua. Sema kweli, au tafuta wakili mwingine."

Akaongeza kwamba kughushi ni jinai, na hakimu akitaka anaweza kunikabidhi polisi. Kisha akaniagizia chai. Sikuinywa.

Alhamisi, 17 Julai

Niandike ilivyokuwa, labda uzito utapungua kifuani.

Mahakama haikupi usimamizi bila muhtasari wa kikao cha ukoo, majina na saini za ndugu. Dada alipigiwa simu mara tatu, hakupokea. Pilau imeiva, watu wana njaa. Baba mdogo akasema msainie tu dada yako, si damu moja. Nikashika peni. Saini yake naijua toka niko darasa la tano, maana yeye ndiye alikuwa ananisainia ripoti mbovu za shule mzee asizione. Ile mikia yake miwili niliichora mpaka watu wakacheka. Nikajisifu. Nikasema dada anaringa, kwa sababu kaolewa huko vilimani anatuona sie wa bondeni.

Kumbe kachanwa tumbo, yuko wodini. Kutoka kwetu mpaka geti la hospitali ni dakika kumi kwa miguu, tena ukitembea kwa mapozi. Tumekula, tumesaini, tumeshushia na soda juu. Hakuna aliyeuliza mbona hapokei.

Naona aibu. Sina neno lingine.

Mchana baba mdogo alinifuata kibandani kwangu, Tandale. Kanivuta nyuma, pembeni ya magunia ya viazi. Anataka niseme dada alikuja, akasaini, akawahi kuondoka. Kadi ya hospitali hata yeye anaweza kutengenezewa. Nikamwambia wakili hataki. Akasema wakili hana mama kwenye ile nyumba.

"Ukikiri, mama yako anatoka na mkeka wake. Usije kunililia mie."

Hapo kanipata. Kioo cha simu ya mteja nimekipasua baada ya hapo. 

Jumapili, 20 Julai

Mama kashusha vyombo vya kabatini, vile vya wageni. Anavifunga kwenye magazeti. Hajaambiwa kitu. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anapangusa vumbi. Vikombe kumi na mbili, kila kimoja na gazeti lake.

Nikataka kumwambia huhami.  Nikamsaidia kufunga visahani.

Jumatatu, 21 Julai

Kesho. Naogopa lupango, kulala selo. Naogopa zaidi mama. Sijala.

Jumanne, 22 Julai

Hakimu alikuwepo. Mama wa makamo, ana mafua, anaandika kila neno kwa mkono kwenye faili. Hakuna kompyuta wala nini. Hiyo sikuwa najua inavyouma.

Nikaapa, msahafu mkononi. Wakili wa dada, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kutangazia taarabu, kanipa ule muhtasari. Akauliza saini namba nne ni ya nani. Baba mdogo alikuwa benchi la nyuma anakohoa kohoa. Dada anatazama ukuta.

Nikajibu haraka haraka ili ipite, maneno yote kwa pumzi moja. Hakimu akainua kiganja.

"Shahidi, polepole. Naandika."

Nikaanza upya. Saini hiyo. Nikasubiri peni. Ina jina la dada yangu. Nikasubiri. Lakini niliiweka mimi. Peni ikafika mwisho wa mstari, ikarudi. Kila neno lilikaa hewani, watu wote wanalitazama. Maisha yangu yote nimeponea kwenye spidi ya mdomo. Leo nimeongea kwa mwendo wa peni ya mtu.

Akauliza kama kuna la ziada. Nikasema hakuwepo kwa sababu alikuwa amelazwa. Nikasubiri. Na hatukwenda kumtazama. Wakili wa dada akasema hilo hakuliuliza. Hakimu akaliandika hata hivyo.

Wakili Nkya alinishika bega tukitoka. Hakusema nimefanya vizuri. Alikuwa na kesi nyingine ya kiwanja saa sita.

Ijumaa, 25 Julai

Uamuzi. Nimeondolewa usimamizi. Ukoo ukae upya, ndugu wote wawepo au wathibitishwe walipo. Hakimu akamgeukia dada, akamuuliza kama anataka jambo hili lifike polisi. Dada kashika ubavu.  Akatikisa kichwa, hapana. Hakimu akanipa onyo, refu, nikasimama nalo mpaka mwisho.

Nje nikamfuata dada kwenye kivuli cha ukuta. Nikampa shikamoo. Akaitikia kwa chini. Nikamwambia nisamehe.

"Sikufungua kesi kwa ajili ya nyumba, Hamisi. Nilitaka mtu aniulize nilikuwa wapi."

Nikauliza, na mama je? Akasema la nyumba litaongelewa kikaoni, siyo barabarani. Kaondoka taratibu, bado anashika ubavu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mama nikamwambia yote, kuanzia siku niliyoshika peni kikaoni. Hakulia. Kauliza Mwajuma alipikiwa uji na nani kule wodini. Sikujua.

Jumapili, 3 Agosti

Kikao kimekaa. Baba mdogo hakuja, katuma taarifa ana mafua. Mwenyekiti akawa mjomba wa dada, mzee wa Tanga, anayehesabu watu mara mbili kabla ya kusoma dua. Dada kawa msimamizi, hakuna aliyepinga.

Akasimama, karatasi mkononi. Nyumba haiuzwi, mama mdogo akiwa hai. Mama mdogo ndiye mama yangu. Anabaki na chumba chake na jiko. Vyumba vingine vyote vinapangishwa, kodi inagawanywa kwa mafungu ya mirathi, na kila mwezi ndugu watasomewa hesabu. Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na chumba chako pia tunapangisha. Wewe una mikono. Na bado sijakusamehe, usije ukafikiri."

Nikasema sawa dada. Watu walingoja nitie mbwembwe kidogo, wamenizoea. Sikuwa nazo.

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaingia ndani kutazama wali.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimehamia Tandale jana usiku, chumba nyuma ya soko. Godoro, begi, sanduku la vifaa. Asubuhi wapagazi wanaanza mapema kuliko muadhini. Nimepangusa dirisha. Kibandani wateja wanne, simu zote zimepona.

Saa tatu usiku mama kapiga. Kauliza kama kuna feni. Hakuna, lakini upepo unaingia. Kauliza nimekula nini. Chipsi mayai.

Kasema Mwajuma alikuja kuorodhesha vyumba vya kupangisha, akachoka, safari ya Madale ikawa ndefu kwake. Kalala huko huko, kwenye kitanda cha mama. Mama katandika mkeka chini. Alikuwa ananong'ona ili asimwamshe.

Nikanong'ona na mie. Lala salama, mama.