Simu ya J. Alcide

Jumatatu, 5 Machi 1984
Mimi nilizaliwa na bahati mkononi, kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Kampuni ya Simu inaenea kisiwa kizima, sasa imefikisha nguzo hadi hapa Anse Cabrit, na katika nyumba sitini barua imekuja moja. Kwangu. "J. Alcide, ombi lako la 1979 limekubaliwa." Mimi Justin Alcide, niliyezunguka na meli za ndizi mpaka Uingereza – sasa nitakaa kitini, dunia initafute yenyewe.

Ila Eudoxie wa posta alinipa barua kwa vidole viwili, kama aliyeshika mkia wa panya. Ana lake huyo.

Jumatano, 7 Machi
Fundi wa Kampuni amefunga simu. Nyeusi, nzito, inang'aa kuliko viatu vyangu vya harusi. Anaitwa Hilarion. Mdadisi. Kaona picha yangu ukutani, niko na mabaharia wenzangu. Ya lini? Ya '79, nikamwambia, mwaka mzima nilikuwa baharini. Akacheka: "Basi fomu uliijaza juu ya mawimbi, Kaptenn?" Nikacheka na mimi. Kwa nini aulize? Nikampa ndizi mbichi na samaki wa chumvi, sahani mbili. Mdomo uliojaa hauulizi.

Akaja Ma Titin, jirani wa bondeni, na fimbo yake. Anauliza ombi lake liko wapi, mwaka wa tano huu.
"Jina, mama?"
"Ma Titin."
Fundi akapekua karatasi. "Hakuna Titin hapa."
"Mwanangu, kila mtu ananijua."
Ndivyo tulivyo. Jina la ubatizo tunalitunza kanisani, tunalitoa siku ya kuzikwa.

Jumamosi, 10 Machi
Baraza imejaa watu. Wanapiga bure – mimi si mchoyo. Veronne, mke wangu, kaniuliza niliomba simu lini. Nikamwambia wanawake husahau. Akasema fomu zote za nyumba hii hujaza yeye. Kisha akarudi jikoni.

Ma Titin alikuja kusikiliza tu wengine wakiongea. Ampigie nani? Binti yake Solange anahamahama huko Birmingham, mwaka wa tatu bila barua. Mama anachotaka ni kupigiwa. Nikamwambia simu hii ni yako pia. Akanibusu mkono. Mkono umeniwasha mpaka jioni.

Jumapili, 11 Machi
Padri kasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. "Julienne Alcide." Watu wakageukiana, nani huyo? Benchi la mbele, Ma Titin akainua fimbo. Kanisa zima likacheka. Eudoxie hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Hapa kwetu ukirusha jiwe unampiga Alcide. Hata Jules wa buchani ni J. Kwa nini anitazame mimi?

Jumatano, 14 Machi
Simu imelia asubuhi. Mwanamke, sauti ya mbali, maneno yanachelewa kufika. Anasema mama yake aliwahi kumwandikia kuwa ameomba simu, basi kila mwaka anaulizia Kampuni, na safari hii wamempa namba ya J. Alcide. Yuko wapi mama? Wewe nani?

Nikasema amekosea namba. Nikakata.

Veronne alikuwa nyuma yangu, mikono ina unga. Sijui kasimama pale tangu lini.

Ijumaa, 16 Machi
Inalia sasa hivi, naandika. Mara ya tatu leo. Veronne kavua aproni: "Pokea, au nitapokea mimi." Na Ma Titin huyo, kafika mlangoni, anahema kwa kile kilima. "Kaptenn, si upokee? Huenda mtoto wa mtu ana shida."

Nimemvutia kiti mbele ya simu. Bado inalia.

Bahati gani. Mimi sikuwahi kuomba simu.