Filamu za Macho, Filamu za Masikio

Jumatano, 5 Machi

Kabla ya kazi nimepita kwa Baba Shiro, duka la muvi, hapa Mwihoko. Mpya ni kumi na mbili wiki hii. Nimechukua tatu. Kisha kortini Thika. Kesi ya shamba, imeahirishwa tena. Aya nne za gazeti. Jioni kwa Mama, Kamenu, huko huko Thika.

Daktari alisema mwezi uliopita kwamba presha ya macho imekula sehemu kubwa. Kilichobaki kitaisha. Miezi, si miaka. Matone yanachelewesha tu. Mama aliuliza swali moja: kutazama runinga kutayamaliza haraka? Daktari akasema hapana. Mama akasema basi atatazama.

Kanuni ni yake. Filamu ya watu kukaa na kuongea tunairuka, ataisikiliza baadaye. Yenye kitu cha kuonekana, iletwe sasa. Bahari. Theluji. Nguo. Nina flashi mbili, nyekundu ya macho na nyeusi ya masikio. Katika nyeusi naweka zilizotafsiriwa kwa Kikuyu na DJ wa mtaani, anayepiga kelele juu ya kila mtu na kuongeza utani wake. Nyeusi inajaa haraka.

Mama alikagua vitambaa kiwandani miaka ishirini na saba. Uzi mmoja ukikosea, aliuona. Leo amepapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Jumamosi, 8 Machi

Wapanda mlima. Theluji kwa saa mbili, hadithi hakuna. Ingekuwa habari yangu, mhariri angeitupa. Mama hakugeuza kichwa hata mara moja.

"Ona hiyo bluu iko ndani ya barafu, Maitu."

Ananiita hivyo, yaani "mama yangu" kwa Kikuyu, kwa sababu nilipewa jina la mamake. Nikasema nimeiona. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nasahihisha taarifa ya maji ya Ruiru kwenye simu.

Jumatano, 19 Machi

Baba Shiro amechoka nami. "Madam, wateja wangu wanataka stori. Wewe unaniuliza kama kuna maua."

"Nataka yenye rangi."

"Rangi? Hardware wanauza kwa mkebe, hapo ng'ambo." Akacheka peke yake.

Nikamweleza. Akaacha kucheka. Akachukua daftari, akaniambia nimwachie kazi hiyo. Anazitazama zote hata hivyo. Ataandika "tazama" au "ruka" kando ya kila moja.

Jioni nimemwambia Mama kwamba macho yakiisha atahamia kwangu Mwihoko. Chumba kipo. Hawezi kuishi peke yake na jiko la gesi. Nyumba ya Kamenu tutaifunga. Nilisema kama mtu anayesoma uamuzi wa mahakama. Yeye aliuliza muvi ya leo ni ya nini.

Jumamosi, 29 Machi

Filamu ya malkia wa kale. Haina maana, lakini nguo ni nyingi. Mama alisogeza kiti mpaka karibu aguse runinga.

"Haiya! Malkia wa zamani zile, na amevaa zipu?"

Nimerudisha nyuma. Zipu ipo, mgongoni, sekunde mbili hivi. Tumecheka mpaka akajifuta macho. Siku nzuri. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekuta Wambui pale tena. Ni fundi wa nguo, mlango wa pili kutoka kwa Mama. Chai ilikuwa imeshamiminwa na Mama ameshaketi mahali pake. Nyumba imepangwa vizuri kuliko zamani. Nimefurahi kwamba ana mtu.

Nimeuliza macho yakoje. Akasema yako vile vile. Nikakubali. Mtu mmoja, chanzo kimoja, na nikakubali.

Jumatano, 16 Aprili

Farasi jangwani. Baba Shiro aliandika "tazama" na kupiga mstari chini.

Mama amesema sweta yangu nyekundu inanipendeza. Amesema farasi ni wazuri. Nikauliza yupi. Akasema wote.

Mama hajawahi kupenda kitu chote maishani mwake. Hata siku ya harusi yangu alitafuta mshono uliopinda na akaupata. Jambo hilo lilinigusa kidogo, kisha simu ikalia nikaenda nayo jikoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Filamu ya kisiwa. Nimeiwasha, majina yakaanza kupita, mhariri akapiga simu. Nikaenda jikoni. Dakika kumi hivi. Alitaka idadi ya nyumba zilizoingiwa na maji, na sikuwa nayo.

Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi. Sauti inaendelea. Mawimbi, ndege, watoto wakicheka. Faili ilikuwa mbovu, picha imekatika baada ya majina. Mama ameketi wima, mikono mapajani, uso kwenye skrini. Anatabasamu.

Nilisimama mlangoni.

"Hayo maji ni safi," akasema. "Unaona mpaka chini."

Nikasema ndiyo. Nikaketi. Tumekaa mbele ya skrini nyeusi mpaka filamu ikaisha. Saa moja na nusu. Miaka thelathini na moja nawauliza watu maswali wasiyoyataka, na leo sikupata hata moja.

Ni usiku wa manane na sijalala. Hiyo haina maana kwa mtu mwingine, naiandika tu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeenda kwa Wambui moja kwa moja baada ya kanisa. Hakujaribu kudanganya.

"Usinikasirikie, dada. Ni yeye aliniomba."

Ni tangu mwanzo wa mwezi huu. Kila siku yangu ya kuja, Wambui huingia kwanza. Anamketisha, anamimina chai, anamwekea rimoti mkononi. Kisha anarudi kwake na kuchungulia. Akiniona nashuka kwa boda, anakimbia kupitia mlango wa nyuma kumwambia nimevaa nini. Nyekundu. Sweta ile ya siku ya farasi.

Nikauliza kwa nini.

"Ati siku utakayojua, ndiyo siku ya kufunga nyumba. Ulisema wewe mwenyewe. Amelia hapa kwangu, hapo kwa hicho kiti cha wateja. Mimi ningefanya nini?"

Nina hasira. Si kwa Wambui.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, hakuna kazi. Nimeenda Kamenu bila flashi na bila kutoa habari. Nimemkuta jikoni akiosha kikombe kimoja, polepole, kidole kikizunguka ukingo. Alijua hatua zangu. Nikasema nimejua.

"Wambui ana mdomo."

"Si Wambui. Jumamosi runinga ilikuwa nyeusi, Mama. Ilikuwa sauti tu."

Akaacha kuosha kikombe. "Muvi nzima?"

"Nzima."

Akacheka, kicheko kifupi. "Na ukaketi tu? Ukaniacha nisifu maji?" Kisha kicheko kikaisha na akashika sinki.

Filamu ya mwisho aliyoiona kweli ni ile ya malkia. Siku chache baadaye ukaja ukungu. Kisha ukungu wenyewe ukawa mweusi. Hakumwambia daktari. Aliyahesabu matone na kuyamwaga, ili nione chupa inapungua.

Nilitaka kuanza na usalama, gesi, ngazi. Nilikuwa nimeandaa hoja kwa mpangilio. Akanizuia kwa mkono.

"Hapa, kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua saba. Hadi chooni ni kumi na moja. Dirisha hili nililipima mimi, fundi akalikosea, nikamwambia alibomoe. Hapa sioni, ndiyo, lakini niko kwangu. Mwihoko nitakuwa kipofu, Maitu."

Nimeondoa nilichosema. Nimetumia neno hilo hilo, naondoa, kama wasemavyo kortini, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Nyumba haifungwi. Mtungi wa gesi umehamia kwa Wambui, atapika huko kwa wote wawili. Mimi nitalala Kamenu kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Kortini ni karibu zaidi kutoka hapa. Ningeweza kufanya hivi tangu Februari. Hakuna aliyenizuia.

Nimesema samahani. Akasema nimwekee maji ya kuoga.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imepungua. Nimewasha filamu iliyotafsiriwa, ya mwanamume anayesaka ng'ombe wake. DJ alipiga kelele nyingi. Mama alivumilia robo saa, akasema hii tuiruke. Nikazima. Hatukuweka nyingine.

Nikamuuliza swali ambalo nimekuwa nalo wiki mbili. Mara ya mwisho aliniona lini.

"Sijui. Ulikuwa unaingia na kutoka. Ulikuwa na simu."

Hakuwa ananilaumu. Nilimuuliza, akajibu. Wiki nane nilichagua vitu vya kuonekana, nikavileta kutoka Mwihoko hadi hapa. Theluji ya nchi nisiyoijua. Farasi wa watu. Sikuketi mbele yake hata mara moja.

"Basi niambie," akasema. "Umekuwaje siku hizi?"

Nikamwambia kwa mpangilio. Nywele nimekata fupi, nyeupe ni nyingi upande wa kushoto. Miwani mpya, fremu nyeusi. Mistari miwili kati ya nyusi. Nimekonda shingoni. Jino la pembeni nililong'oa mwezi wa kwanza, pengo linaonekana nikicheka.

"Unacheka?"

"Mara moja moja."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea kitambaa na kukipitisha mkononi. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. Mimi nilikuwa upande wa pili, karibu na mlango.

Nikainuka na kiti changu, nikaenda kuketi pale alipokuwa ameelekea.