Neva Haipendi Chuma

2 Machi

Mwanangu,
Hujambo huko? Sisi wazima, ila magoti ya mama yako hayajatulia. Uvumilie mwandiko, ni wa kushoto. Tangu kile kioo kinikate neva, huo mshipa wa fahamu, mkono wa kulia unaning'inia tu kama soksi iliyoanikwa. Daktari anataka kuchukua kipande cha neva mguuni aungie hapa. Nimemwambia asubiri, binti yangu yuko maabara anaunganisha neva na nyaya. Fundi cherehani mwenye mkono wa umeme, wateja watakimbia au watajaa?
Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,
Mpe Mama pole. Nimecheka, kisha nikaogopa. Neva haipendi chuma, Baba; ukiigusanisha na waya inajitenga. Sisi tunaupaka waya protini, ili seli ihisi imekutana na ndugu yake, ishike. Juzi moja ilishika, ikapitisha ishara mpaka kwenye kompyuta. Nililia. Lakini hizo ni seli za kwenye kisahani. Kufika mkononi mwa mtu ni miaka mingi. Kubali upasuaji sasa. Ukichelewa, misuli itanyauka na neva haitakuwa na pa kwenda.
Mwanao

1 Aprili

Mwanangu,
Nimefurahi seli imeshika. Nimewasomea majirani. Daktari nimemwambia nina subira. Fanya kazi taratibu, usiharakishwe na mimi.
Baba yako

9 Aprili

Shikamoo Baba,
Umenielewa, ila hutaki. Nikipiga simu Mama anasema umetoka, na huku nakusikia ukikohoa nyuma yake. Nenda hospitali, tafadhali.
Mwanao

20 Novemba

Shikamoo Baba,
Natumai afya inaruhusu. Hujajibu barua hata moja. Seli zetu zimekufa. Protini ilibanduka kwenye waya, tunaanza upya. Nakwambia ili usiwe na cha kusubiri.
Mwanao

14 Machi

Mwanangu,
Salama? Pole kwa seli zako. Nimekwenda hospitali. Daktari aliubonyezabonyeza mkono, akauliza, "Mzee, ulikuwa wapi?" Kusema nilikuwa nakungoja kungekuwa kukusingizia, maana wewe ulinieleza wazi. Mimi ndiye niliyeona nikikubali neva ya mguuni, ni kama nasema kazi yako siiamini. Sasa misuli imenyauka, hakuna cha kuunga. Cherehani amechukua shangazi yako.

Usiiache hiyo kazi. Ila kwa muda usiniandikie habari za nyaya. Niambie unakula nini, unalala saa ngapi, na kama huko umepata mtu wa kuongea naye.
Baba yako