Baba, Nilitazama Juu Kule Ravenna

Baba yangu mpenzi,

Niko jikoni kwetu Northfield, huku Uingereza. Dominiki ameenda kazini kiwandani, nami nimebaki na furaha nyingi ambayo sina wa kumgawia ila wewe. Mume wangu huniimbia akikaanga mayai, Baba. Sikujua wanaume hukaanga mayai.

Najua hupendi nimtaje. Kaka aliniandikia maneno yako kabla ya harusi: "Mwambieni asiniletee mtu wa sanamu nyumbani kwangu." Nilifunga ndoa nikiwa nimeyabeba moyoni, na bado ninayo.

Unaikumbuka ile kalenda ya dukani, yenye picha ya Yesu juu na tarehe chini? Ulichukua makasi, ukakata picha, ukatundika tarehe. Nikakuuliza, "Kwani huyo si Yesu?" Ukasema, "Huyo ni Mzungu aliyeketi akachorwa. Yesu hakuna aliyempiga picha." Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini, nawe, mwinjilisti mzima, ukajaribu kununa ukashindwa. Na kila tulipopaka kanisa chokaa kabla ya Pasaka, mimi na wewe, ulirudi nyuma kidogo, ukautazama ukuta mweupe na kusema, "Sasa Neno limepata nafasi." Mpaka leo ukuta mweupe hunifanya nikae wima.

Basi fikiria nilivyokuwa Ravenna. Parokia ya Kikatoliki ya Dominiki hapa Birmingham ilipanga safari ya basi kwenda Italia kutazama makanisa ya kale, nasi tukaifanya fungate yetu. Katika kanisa la kwanza niliamua kutazama chini tu, kwa heshima yako. Kumbe sakafu nayo imejaa ndege na majani, yote ya vijiwe vya rangi. Dominiki akaninong'oneza, "Sasa binti wa mwinjilisti atatazama wapi? Viatu vyangu?" Nikavitazama viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa vizuri, ningevitazama siku nzima.

Lakini nje ya mji tuliingia kanisa jingine, na humo nilitazama juu. Ukutani juu, nyuma ya altare, kuna konde la kijani, kijani cha kwetu mvua zikisha kunyesha, nalo limeundwa kwa vipande vya kioo visivyozidi ukucha. Kondoo weupe wamejipanga pande zote mbili. Katikati amesimama mtu mwenye joho, ameinua mikono, viganja wazi. Tuliambiwa ndiye askofu wa kwanza wa mji ule. Mimi nilikuona wewe Jumapili, ukituombea. Tofauti ni kwamba viwiko vyake viko sawa, na chako cha kushoto hushuka tangu ulipoanguka kutoka paa la kanisa.

Nikalia. Dominiki akaniuliza nina nini.

"Yule ni Baba," nikamwambia.

Hakucheka. Alimtazama muda mrefu, akaliweka sawa koti lake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mzee. Mimi ndiye Dominiki."

Hakumpigia magoti, Baba. Alimsalimia mkwe wake, kwa kuwa hajapata kumsalimia kwingine. Tangu saa ile, lile neno sanamu siwezi tena kumbandika mume wangu.

Kuna jambo sitakuficha. Dominiki ana picha ya Mama Maria aliyoachiwa na marehemu mama yake. Tulipooana aliiweka kabatini chini ya mashuka, akasema, "Itakaa humu mpaka uitoe mwenyewe." Hakuwahi kunikumbusha. Tuliporudi niliitoa nikaitundika. Siiombi. Ni kwamba mama yake aliipenda sana, nami mama huyo sikumkuta hai. Ukuta unaoikabili nimeuacha mweupe kabisa. Huo ni wako.

Agosti tunakuja. Anajifunza kukuamkia kwa Kikamba, na jinsi anavyokosea, nakuonea huruma mapema. Sikuombi uamini anavyoamini yeye. Ila ukituona tunaikaribia nyumba, mkaribishe yeye kwanza. Mimi usinikaribishe, hapo ni kwetu.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa ni mke wa mtu