Shingo ya Mti wa Loliondo

Karatu, baada ya mavuno ya maharage

Elibariki, ndugu yangu,

Gitaa limelia. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungekuwa umekaa hapa kwenye benchi la karakana ungenikatiza salamu zote uniulize, "Damiano, limelia au halijalia?" Limelia. Sasa tulia nikueleze mengine taratibu, maana mambo hayakwenda kama tulivyopanga.

Sijui kama huko mtu anasahau. Mimi sijasahau siku ulipoingia hapa na boksi kichwani, mvua ya masika inakuchuruzika mpaka viatuni, koti lako umelifunikia boksi na mwenyewe umebaki na shati. Ulikuwa umetoka nalo posta Arusha. Yule Mzungu wa visima uliyemtengenezea redio kule Mang'ola alikuwa ametimiza neno lake: alirudi kwao akakutumia gitaa la umeme. Ila halikuwa gitaa, vilikuwa vipande. Tumbo la ubao lililokwisha kuchongwa, shingo, vigingi vya kukazia nyuzi, sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele wa mtoto, skrubu ndani ya mfuko wa nailoni, na karatasi ya michoro yenye maneno ambayo Karatu nzima hakuna aliyeyajua. Tukavipanga vyote juu ya benchi hili. Ukacheka mpaka ukashika mbavu: "Ametuma ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa, anataka sisi tumfufue!"

Kisha ukainua shingo, ukaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imepasuka huko njiani, pale inapokutana na kichwa, ufa mrefu wa kuingiza ukucha. Sikuwa nimekuona hivyo. Wewe uliyecheka hata siku upepo ulipoezua bati la kibanda chako cha redio, siku hiyo ulikaa juu ya gogo ukaitazama ile shingo kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikakwambia, "Hiyo ni mbao, na mbao ni kazi yangu."

Nilikuwa na kipande cha loliondo kilichobaki nilipotengeneza milango ya misheni, kimekaa juu ya dari kikikauka miaka. Loliondo ni mti mkaidi, unajua. Randa inalia, patasi inateleza. Lakini ukikubali kukutii, haugeuki. Nikailaza shingo ya Mzungu juu yake nikaichora, nikaanza kuchonga. Wewe ukawa unang'oa vile vyuma vyembamba vya shingo ya zamani kwa koleo, kimoja kimoja, tuvihamishie kwenye mpya. Kila nilipokata mfereji ulikuwa unanipumulia shingoni. "Taratibu, fundi. Ukikosea hata unene wa ukucha, wimbo wote utakuwa mlevi."

Sukari ilikuwa hadithi wakati ule. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na majembe tu. Rebeka, mke wako, alikuwa akituletea chai isiyo na sukari na viazi vya kuchemsha, anasimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatutazama. "Mkimaliza hicho kiti mtaniita nikikalie," anasema, kisha anaondoka anacheka na kusema kitu kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, na wewe unaniuliza amesema nini, na mimi nakataa kukutafsiria. Leo nitakwambia. Alikuwa anasema, mume wangu amepata mke wa pili, na huyu hata kupika hajui.

Msasa ulipokosekana tukakwangua kwa vipande vya chupa. Vanishi haikuwepo, ukasema utatafuta nta. Ulikwenda Mang'ola kutengeneza redio ya mfanyabiashara wa vitunguu, ukaniambia ukirudi utaniletea nta ya nyuki kutoka kwa Wahadzabe. Hukurudi na miguu yako. Lori la vitunguu lilishindwa mlima, likarudi nyuma, likapinduka, na wewe ulikuwa umekaa juu ya magunia. Alikuja utingo wa lori hilo, amefungwa mkono kwa kanga ya mtu, akasimama hapo mlangoni. Aliuliza, "Huyu fundi wa redio, ndugu zake ni akina nani?" Nikamjibu, "Ni mimi." Sikujua nijibu nini kingine, Eli. Mfukoni mwa koti lako walikuta nta, imefungwa kwenye jani la mgomba. Nilipewa mimi. Niliipaka kwenye shingo, kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya siku ile.

Ndugu zako walikuja na gari kutoka Machame kukuchukua, ukazikwe kwenye kihamba, lile shamba la migomba la baba yako. Tulipanda nyuma, mimi, Rebeka na mtoto wenu Neema, pamoja na jeneza. Njia nzima Rebeka alikuwa ameliwekea jeneza mkono, gari likiruka analizuia lisigonge, kama anazuia mtoto asiamke.

Haya sasa ndiyo ambayo sikutaka kukuandikia, lakini ni lazima. Msibani mama yako hakumtazama mkeo. Walimketisha nyuma pamoja na majirani, kwenye majani ya migomba. Mtoto walimshika, wakasema amefanana na wewe, wakamrudisha. Nilikuwa najua habari, ulikuwa umenisimulia: kwamba ulipoacha shule ukaenda Arusha kupiga muziki dansini, mama yako alisema hana tena mtoto wa jina hilo, na ulipooa Mmbulu wa Karatu akasema ndiyo yale yale, gitaa ndilo lililokupeleka huko. Hukula kwake tena. Nilidhani kifo kitalegeza. Hakikulegeza.

Baada ya matanga ndugu zako walikuja Karatu na gari lile lile. Wakachukua vyombo vyako vya kazi, redio kubwa ya mbao, na boksi la gitaa. Mali ya ndugu yetu, walisema. Rebeka hakubisha. Alifungua mlango, akakaa nje mpaka walipomaliza. Shingo tu ndiyo ilibaki, kwa sababu ilikuwa kwangu, inaning'inia kwenye msumari.

Basi ikaning'inia. Nikatengeneza vitanda, nikatengeneza meza, nikatengeneza jeneza moja na jingine, na kila nikiinua macho naiona. Wateja wakaniuliza kama ni mpini wa jembe. Siku moja Rebeka alikuja kuchukua maranda ya kuwashia moto. Akaigusa, akapitisha vidole juu ya vile vyuma, vidole vya mkono wa kushoto, akivibonyeza hapa na hapa. Ndipo nilipojua kwamba ulikuwa umemfundisha. Hukuniambia, bwana. Akasema, "Alikuwa anafanya hivi mkononi mwangu, hapa kwenye mfupa wa mkono, ili nijue pa kuweka vidole litakapokuwa tayari." Kisha akachukua maranda yake akaenda.

Kesho yake nilifunga karakana. Nikaizungushia shingo shuka kuukuu, nikapanda gari la Arusha.

Utacheka. Makuyuni kwenye kizuizi askari alidhani nimebeba bunduki. "Fungua! Nini hiyo?" Nikamwambia ni shingo. "Shingo ya nini?" Ya gitaa, afande. "Na kiwiliwili chake kiko wapi?" Nikasema kiko Machame. Alinitazama, akaitazama, akaona labda mimi ni mgonjwa wa akili, akanirudishia. Abiria walicheka mpaka Arusha. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu ulale.

Machame nilimkuta mama yako anapalilia kahawa. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Wewe ni yule seremala." Akanikaribisha, akanipa mtori, akanisubiri nile nimalize. Nikafungua shuka, nikamwekea shingo juu ya meza. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba tumbo lake. Elibariki alikuwa hajamaliza."

Hakuigusa. Nilidhani atanifukuza, nikaanza kuikunja ile shuka. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na boksi. Lilikuwa vile vile, kamba ileile. Wale kaka zako walitaka kulipeleka kwa vijana wa bendi Moshi, akawakatalia. Hakulifungua wala hakulitupa. Akaliweka mezani akasema, "Hulichukui. Litengeneze hapa hapa, nione. Nataka kukisikia hicho kilichonichukulia mtoto."

Nikalitengeneza mbele yake. Shingo iliingia kwenye tumbo kama mtu anayeingia kwake, Eli, sikuhitaji hata kukwangua. Nikakaza skrubu, nikavuta nyuzi. Sumaku ulikwisha kuziunganisha mwenyewe, nikakuta kazi yako humo ndani, safi, kila waya umelala mahali pake. Redio yako ilikuwa sebuleni, mama husikilizia taarifa ya habari akipata betri. Tukaazima betri ya gari kwa jirani. Nikachomeka waya nyuma ya redio kama ulivyonionyesha, nikawasha.

Likanguruma! Nyuki, mzinga mzima wa nyuki. Mama yako alirudi nyuma akashika kifua. Na mimi mbao naijua lakini umeme si kazi yangu. Nikajaribu kukumbuka ulivyokuwa ukisema ukitengeneza redio za watu: "Ikinguruma, tafuta waya usio na kwao." Nikafungua tena. Nikautafuta. Nikaukuta, mweusi, mfupi, umejikunja pembeni, haujashikizwa popote. Ndio ulikuwa umebaki. Ulikusudia kuushikiza ukirudi kutoka Mang'ola.

Tukatia msumari mnene kwenye jiko ukawa mwekundu. Risasi ya kulehemu ilikuwemo kwenye vyombo vyako. Lakini nilihitaji mkono wa tatu, wa kuushika waya usitikisike. Mama yako akasogea. Hakuniuliza kitu. Akaushika kwa vidole vyake vya kupalilia kahawa, karibu kabisa na moto, moshi ukamwingia machoni, hakuuachia mpaka risasi ilipoganda. Nilimwambia, "Mama, utaungua." Akasema, "Wewe tazama kazi yako."

Nikawasha. Kimya. Kimya kizuri, kile ulichokuwa ukikisifu. Nikapiga.

Unajua mimi napiga nini. Zile sauti tatu ulizonifundisha za kwaya, na ya tatu huwa naikosa. Nikapiga wimbo mmoja wa kanisani, polepole, nikaikosa ya tatu, nikarudia. Sauti ilitoka nene, ikaijaza ile nyumba, kuku wakakimbia uani. Nilipomaliza mama yako alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Akasema, "Ndicho hiki tu?"

Akalinyooshea kidole gitaa.

"Ndicho hiki tu, seremala? Hiki ndicho kilichonifanya nisile na mwanangu?"

Akalia, Eli. Hakulia hivyo siku ya mazishi, nilikuwepo. Nilisimama na gitaa mikononi sikujua niliweke wapi. Baadaye akaniambia ulipokuwa mdogo ulifunga waya kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ukawa unaligonga kutwa nzima, na yeye akalitia jikoni. Akasema ulitazama likiungua, hukulia, na tangu siku hiyo ukawa unaimba kwa sauti ya chini, na yeye alidhani ndiyo adabu imekuingia.

Asubuhi alinifungia gitaa kwa blanketi lake mwenyewe. Akanipa mkungu wa ndizi na kahawa. Nilipofika njiani akaniita nirudi. Akasema, "Mwambie mkwe wangu aje na mtoto. Gitaa nalo lije, lakini yeye kwanza."

Rebeka nilimkuta anapukuchua maharage. Nikaliweka gitaa juu ya mkeka, nikamweleza yote, mpaka na msumari wa moto. Hakuinua kichwa. Mwisho akauliza, "Amesema mkwe wangu?"

"Amesema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaendelea kupukuchua mpaka ungo ukaisha. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akavuta gitaa mapajani, bila umeme wala redio, akaanza kupiga. Anapiga vizuri kuliko mimi. Nakwambia ukweli, na usikasirike, siku moja atapiga vizuri kuliko wewe. Neema alikuja akaweka sikio juu ya ubao, akaliacha hapo.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kwaya inalitaka gitaa, lakini wazee wa kanisa bado wanabishana kama chombo cha umeme kinaruhusiwa karibu na madhabahu, na mmoja ameapa kuhama. Kibanda chako amekodi kijana fundi wa baiskeli, na mimi huwa napita upande wa pili wa barabara. Rebeka kuna siku hasemi neno kutwa nzima. Na hasira yake kwa mama yako haijaisha, nisikudanganye. Lakini ameosha gauni la Neema, na ameniuliza kama Machame kuna baridi kuliko Karatu. Tunaondoka Jumamosi. Nitawapeleka mwenyewe, nitakaa uani na jirani mwenye betri, nitawaacha wale wanawake wawili waambiane watakayoambiana.

Basi, Elibariki, nimefika mwisho wa maneno. Nilitamani nikuage siku ile pale barabarani, ulipokuwa unapanda gari la kwenda Mang'ola, lakini nilikuwa na patasi mkononi, nikakupungia nayo tu. Niache nikuage leo. Pumzika, fundi. Mkeo hajaachwa peke yake, na jina lako linatajwa kwa mama yako mezani.

Mbao ina tabia zake. Machame kuna unyevu, Karatu kuna vumbi, na hata loliondo siku moja itapinda. Ikipinda nitainyoosha. Macho yangu yakiishiwa nguvu nitainyoosha kwa kupapasa. Hilo tu ndilo ninaloliweza, na hilo nimekuahidi.

Ndugu yako,
Damiano